Mtihani wa kuingia sheria: nilianguka, nikarudi

Maneno ya dada yetu mwanafunzi wa sheria, aliyoyasema Baraka mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika kutoka kwenye simu iliyorekodi, na tumeacha namna yake ya kusema.



Mwenyekiti amenitambulisha kama avoka wa chama. Naomba nisahihishe mapema, maana naona kuna wazee wameshaanza kutoa dosye zao kwenye mifuko. Mie si avoka. Ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu. Njia bado ni ndefu. Ukinipa dosye yako leo nitaisoma kama mtoto wa jirani, basi.

Nimeombwa niongee na vijana wanaotaka kufanya mtihani wa kuingia fakilte ya sheria. Katibu ameniambia majina ni tisa mwaka huu, wasichana wawili. Sasa, wengine wenu mnajua na wengine hamjui: mie huo mtihani ulinishinda mara ya kwanza. Nilianguka na pesa ya sanduku letu mfukoni. Mchango wenu wote, nauli, pesa ya kujiandikisha, chakula cha wiki mbili kule Bukavu, vyote vilikwenda, na mie nikarudi mikono mitupu. Nafikiri ndiyo sababu komite ilinialika mimi, haikualika wale waliopita mara moja. Aliyepita mara moja mara nyingi hajui kwa nini alipita.

Nilipata diploma ya Leta kwa asilimia 58. Nyumbani ilikuwa sherehe, mama alichinja kuku wawili. Nikajiona mtu. Mtihani wa kuingia ulikuwa baada ya wiki saba, na hizo wiki saba nilizitumia vibaya, lakini kwa bidii kabisa, hiyo ndiyo hatari yake. Kuna kijana aliniazima kaye yake ya mwaka wa kwanza: sheria ni nini, sheria ya umma ni nini, mkataba ni nini. Nikaikopi yote kwa mkono. Nikaishika kwa kichwa. Usiku nilikuwa namsomea mdogo wangu kama katekisimu, naye ameshika kaye kuangalia kama nimeruka neno. Sikuruka.

Nikapanda boti mpaka Uvira, halafu gari mpaka Bukavu. Siku ya mtihani ukumbi umejaa, wanagawa karatasi, nageuza. Hakuna "sheria ni nini". Kuna maandishi ya kurasa mbili kwa Kifaransa juu ya chemchemi moja ya maji na vijiji viwili vinavyoigombania. Chini yake maswali matatu. La kwanza: fupisha maandishi haya kwa mistari kumi na mitano. La pili: tofautisha sababu anazotoa mwandishi na sababu wanazotoa wanakijiji. La tatu: toa maoni yako kwa hoja. Baadaye kulikuwa na sehemu nyingine ya maarifa ya jumla, maswali mafupi mafupi.

Nilifanya nini? Nikamwaga kaye yote. Nikaandika kurasa tatu juu ya haki za binadamu, juu ya maji kuwa ni uhai, juu ya mama zetu wanaobeba madumu. Niliandika vizuri, nawaambia kweli. Nilitoka ukumbini nikiwa wa kwanza, nikawahurumia waliobaki ndani wanainamia karatasi.

Siku walipobandika majina kwenye valve, nilisoma ile orodha mara nne. Mara mbili kutoka juu, mara mbili kutoka chini.

Nikasema ni ukabila. Nikasema ni pesa, maana kweli kuna mtu alikuwa anazunguka nje ya uzio akisema kwa dola mia moja anaweza "kusindikiza" jina. Nikasema wanatuchukia sisi tuliotoka kambini, wanasikia Kiswahili chetu cha Tanzania wanacheka. Sisemi kwamba mambo hayo hayapo katika nchi yetu. Yapo, na mtayakuta. Ila siku ile siyo yaliyoniangusha, na nilipoteza karibu miezi mitatu nikiyalaumu.

Aliyenifungua macho ni yaya mmoja wa kwetu Fizi, wakati huo alikuwa mwaka wa pili. Aliniuliza kama nilibaki na karatasi yangu ya kujaribia. Nilikuwa nayo. Akaisoma polepole akiwa amesimama, halafu akaniuliza: "Swali la pili linasema 'distinguez'. Nionyeshe mahali ulipotofautisha." Nikatafuta. Hapakuwepo. Akageuza ukurasa: "Hapa umeongea vizuri sana juu ya haki za binadamu. Nani alikuuliza?"

Niliumia zaidi kuliko siku ya valve.

Wadogo zangu, shikeni hili kwanza. Mtihani wa kuingia sheria haukuulizi sheria. Sheria watakufundisha wenyewe, ndiyo kazi yao. Wanataka kujua kama unaweza kusoma kitu ambacho hujawahi kukiona, kukielewa kilivyo, na kujibu kile ulichoulizwa tu. Vyuo vinapishana, kingine kinaweka mahojiano ya mdomo, kingine kinaangalia asilimia za diploma, kwa hiyo nendeni wenyewe aparitora mkaulize chuo mnachotaka kinafanyaje. Lakini popote mtakapokwenda, mtapewa karatasi ya Kifaransa na saa ukutani.

Na hapo sisi tuna shida yetu. Tuliosoma Nyarugusu, na wakubwa zetu waliosoma Lugufu kabla haijafungwa mwaka 2009, tulisoma programu ya Congo kwa Kifaransa. Karatasi zinasema hivyo, na ni kweli. Lakini Kifaransa kilikuwa kinaanza kengele ya asubuhi na kinakufa kengele ya mchana. Kwenye bomba la maji ni Kiswahili, nyumbani ni Kibembe au Kifuliiru, sokoni na Watanzania ni Kiswahili tena. Katika kalasi yangu kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu. Yeye anaandika kwenye tablo, sisi tunakopi. Sisemi vibaya juu ya walimu wetu, Mungu awabariki, walifundisha chini ya turubai kwa posho ya kununua sabuni. Ila kazi tuliyoijua sana ni kukopi na kushika kwa kichwa. Kukaa peke yako na maandishi mageni, hakuna mwalimu, ukauliza "huyu mtu anasema nini hasa?", hiyo hatukuifanya. Na wadogo zetu waliobaki hapa, kwenye shule za vita na kukimbiakimbia, sidhani kama walipata zaidi.

Sasa nitawaambia tulivyofanya na yule yaya. Aliniambia niachane na ile kaye. Akanipa Katiba ya nchi, ile ya tarehe 18 Februari 2006. Ina vifungu 229. Mwaka 2011 vichache vilibadilishwa, kwa hiyo tafuteni nakala iliyorekebishwa, hata kwenye simu inapatikana bure. Hakuniambia niishike kwa kichwa. Aliniambia: kifungu kimoja kwa siku. Kisome. Funga. Kieleze kwa Kiswahili, kama unamweleza mama yako anayechambua sombe. Halafu kiandike tena kwa Kifaransa kwa maneno yako. Halafu fungua ulinganishe.

Nikaona ni mchezo wa watoto. Siku moja nikafika kifungu cha 34, kile cha mali ya mtu. Nikasoma, nikafunga, nikamweleza: "Kinasema mtu hawezi kunyang'anywa mali yake." Akasema, "Soma tena." Nikasoma. Nikasema vilevile. Akaweka kidole kwenye vijineno viwili, "ne" hapa, na "que" mbele kidogo. Sisi macho yetu yamezoea "ne" na "pas", tukiona "ne" tunamaliza wenyewe: hapana, haiwezekani. Lakini "ne… que" maana yake ni "isipokuwa", "kwa sababu hii tu". Kumbe kifungu kinasema mtu anaweza kunyang'anywa mali yake, ila kwa faida ya umma tu, na kwa kulipwa fidia ya haki. Na pale kwenye fidia kuna neno lingine dogo, "préalable". Yaani walipe kwanza, ndipo wachukue. Mtu akikuambia "tutachukua kiwanja barabara ipite, malipo yatafuata", neno hilo moja linamfunga mdomo. Nami nilikuwa nimeliruka kama nzi.

Mzee mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Ndiyo, mzee, limo.

Kifungu cha 18 ndicho kilichonifundisha zaidi, na nitakaa hapo kidogo, maana kinatuhusu humu ndani. Wakati ule ule kijana wa jirani yetu alikuwa ameshikwa kwa sababu ya deni. Aliyemdai alikwenda kwa polisi, kijana akawekwa kasho Ijumaa, akatoka Jumanne, baada ya mama yake kuuza mbuzi. Sitaji mahali. Basi, mie nikafika kwenye kifungu hicho nikiwa na hasira tayari. Kinasema mtu akikamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, tena katika lugha anayoielewa. Mmesikia? Kama unaelewa Kiswahili, uambiwe kwa Kiswahili. Na kinasema kushikiliwa kwa polisi kusipite saa 48. Nikaandika kwa furaha kabisa: "Baada ya saa 48, mtu lazima aachiliwe."

Yaya akachukua penseli akazungushia duara neno moja la Kifaransa, "ou". Herufi mbili. Akasema: umesahau nusu ya nchi. Kifungu kinasema baada ya muda huo mtu aachiliwe, au apelekwe mbele ya mamlaka ya mahakama inayohusika. Kwa hiyo ningesimama mbele ya komanda pale nikapiga kelele "saa 48 zimepita, mfungue!", angeweza kunijibu "tunampeleka paruke", nami ningebaki nimesimama. Swali la kweli lilikuwa lingine: saa 48 zimepita, je, amepelekwa? Hakupelekwa. Na deni la kawaida la pesa, peke yake, ni jambo la madai baina ya watu wawili, siyo kosa la kumlaza mtu kasho. Hayo ndiyo yangekuwa maneno yetu. Mbuzi alikuwa ameshauzwa, siwezi kusema nilimwokoa mtu. Ila tangu siku ile sisomi sentensi ya Kifaransa bila penseli.

Vijineno hivyo ni vichache, mtavizoea: "ou" na "et", "peut" na "doit", "sauf", "sous réserve de", "nul", "seul". Na vitenzi vya maswali: "résumez" ni kufupisha bila kuongeza lako, "distinguez" ni kuonyesha tofauti, pande zote mbili zionekane, "expliquez" siyo kusema kama unakubali, "discutez" ndipo wanataka kusikia unavyopima. Ukiona "résumez" ukaandika "mimi naona", umeanguka hapo hapo, hata kama unaona vizuri.

Jambo la pili tulilolifanya ni gumu kulisema hapa, kwa sababu baba yangu amekaa pale mstari wa pili. Nimemwomba ruhusa jana usiku. Alikaa kimya kwa muda, halafu akasema, "Sema, wote wanajua."

Baba aliniambia niende kusoma sheria kwa sababu ya kiwanja. Tulikimbia mwaka 1996, mie bado sijazaliwa. Tuliporudi tulikuta mtu amejenga. Nyumba ya matofali, mabati, mwembe umekatwa. Kila mmoja humu ana habari kama hiyo au ana ndugu mwenye habari kama hiyo. Nimekua nikisikia: "Huyu mwizi, binti yangu atakuja kumtoa."

Sasa yaya alikuwa ananipa zoezi: chukua ugomvi wowote unaoujua, andika mistari mitano ya upande mmoja, mistari mitano ya upande wa pili, na anayesoma asijue wewe uko upande gani. Nikachukua wa kwetu, nikijua nitauandika haraka. Upande wa baba ulitoka kama maji. Upande wa pili sikuwa na hata mstari mmoja, kwa sababu sikuwahi kumuuliza yule mtu kitu. Zoezi halijaisha. Nikaenda kumsalimia. Mkewe akanipa kiti. Yule baba akaingia ndani akatoka na karatasi kwenye nailoni, karatasi ya mauzo, imesainiwa mbele ya chefu wa lokalite na mashahidi wawili. Aliyeuza ni mdogo wake baba. Baba mdogo aliyebaki wakati sisi tumevuka ziwa. Ameshafariki, hatuwezi kumuuliza alikuwa na njaa gani mwaka ule.

Niliandika ile mistari mitano. Mkono ulikuwa mzito.

Sisemi yule mtu ana haki yote. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Leta, sisi tunapewa haki ya kuitumia, na kinachothibitisha haki hiyo kisheria ni cheti cha kuandikishwa. Karatasi ya mauzo ya mkono siyo cheti hicho. Na baba mdogo aliuza kitu ambacho hakikuwa chake peke yake. Lakini "mwizi" ni neno lingine, na halikuwa kweli. Nilipomwambia baba, hakunisemesha siku tisa. Leo jambo liko mbele ya wazee wa upatanisho, pande zote mbili zinakwenda, na sijui litaishaje. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba mara ya pili, mtihani ulipotuambia tueleze msimamo wa mtu tusiyekubaliana naye, nilikuwa nimeshafanya zoezi gumu kuliko lile. Nyie vijana mnaokaa nje wakati wazee wanasikiliza kesi za mashamba, ingieni mkae. Kaeni na kaye. Shule ya kulipia haina somo kama hilo.

Maarifa ya jumla sitayachelewesha. Jueni nchi yenu: uhuru tarehe 30 Juni 1960, mikoa 26 ukihesabu na jiji la Kinshasa, Kifaransa ndiyo lugha ya Leta na lugha za taifa ni nne, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba. Jueni Mahakama ya Katiba, Mahakama ya Kasasyo na Baraza la Leta hazifanyi kazi moja. Jueni uraia wa Congo ni mmoja, haushikwi pamoja na mwingine. Na hapa niseme kwa wale wanaotishwa barabarani: kukaa Tanzania na kadi ya mkimbizi hakukukufanya Mtanzania na hakukuondolea Ukongomani. Kwa mazoezi, Radio Okapi inasoma habari kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Sikilizeni ya Kifaransa kwanza, andikeni mlichoelewa, halafu ya Kiswahili iwasahihishe. Betri mbili zinatosha.

Karatasi. Linganisheni jina kwenye diploma, kwenye bulletini na kwenye kadi ya uchaguzi, herufi kwa herufi. Kambini waliandika jina la mtu walivyolisikia, L ikawa R, na ile R itakufuata mpaka aparitora. Rekebisheni sasa, siyo wiki ya mtihani. Aliyesoma programu ya Tanzania au ya Uganda atahitaji ekivalansi ya wizara, na hiyo inachelewa. Pesa lipeni benki, mshike risiti. Yule mtu wa dola mia moja anayezunguka nje ya uzio bado yupo. Mwaka ule aliwachukulia pesa watu wawili ninaowajua. Mmoja alipita kwa nguvu zake mwenyewe na mpaka leo anaamini ni yule aliyempitisha. Mwingine alianguka, na alipomtafuta simu ilikuwa imefungwa.

Kwa wazazi nina moja tu. Kifungu kimoja kwa siku kinataka saa moja yenye mwanga. Kijana wa kiume akitoka ziwani amelala, sawa, ataamka asome. Msichana saa hiyo ya mwanga ndiyo saa ya maji, saa ya sombe, saa ya kuogesha watoto, na ikifika usiku tochi ni ya baba. Mie mwaka wa kwanza nilisoma baada ya wote kulala, na mwaka wa pili mama aliniambia: "Maji nitateka mie, weye kaa na makaratasi yako." Aliteka kwa miezi mitano, na mgongo wake mnaujua. Hao wasichana wawili walio kwenye orodha, nani anawatekea?

Sasa nafika kwenye kile ambacho mwenyekiti pengine hakutaka nikiguse. Nimesikia komite inataka kuandika kanuni: kijana akianguka mtihani wa kuingia, sanduku halimlipii tena. Naelewa inatoka wapi. Pesa ile ni ya wamama wanaouza ndagala na mihogo, na kuna mwaka watatu walianguka na hakuna aliyekuja hata kueleza. Mama mmoja aliniambia uso kwa uso, wakati ule nimerudi: "Mtoto, tumekulipia safari ya kutembea." Alikuwa na haki ya kusema.

Lakini kanuni hiyo ingekuwepo, leo ningekuwa nauza mkaa, na hilo siyo neno la huruma, ni hesabu. Sanduku lilinilipia mara ya pili kwa kura moja zaidi. Naomba basi msiandike "hapana" peke yake. Andikeni "ne… que", kama kifungu cha 34. Sanduku halimlipii mara ya pili isipokuwa aliyeleta karatasi yake ya kujaribia mbele yetu, tukaisoma naye, akajua alipoangukia, na akakaa kwenye mazoezi miezi isiyopungua minne. Asiyeleta karatasi, asilipiwe. Na aliyelipiwa mara mbili arudishe ile ya kwanza polepole akianza kazi. Mie nimeanza, katibu ana daftari, nimerudisha dola 35.

Mtaamua wenyewe, sina kura leo, likizo yangu inaisha Alhamisi.

Kuanzia Jumamosi hii, saa nane mchana, mwalimu wa Kifaransa amekubali tukae kwenye baraza lake. Wiki tatu za kwanza mtasoma naye, nami nitasahihisha mtakachonitumia kwa simu. Njoo na kaye moja, biki mbili, penseli, na kiti, kwa sababu viti vya mwalimu ni vinne. Katiba yangu nimeiacha kwa katibu. Imechakaa, na ndani "ou" zote zimezungushiwa duara kwa penseli. Mnaweza kufuta mkaanza upya.